Je, Saksafoni Yaweza Kuhubiri?

Wasomaji wetu wa Shinyanga na Geita wameyasikia mabishano haya mara nyingi: je, ala iliyozoea dansi yafaa kumsifu Mungu? Wako wasemao ya kuwa imekwisha kutiwa unajisi. Twaona vema kuipima hoja hiyo kwa santuri moja iitwayo Preachin', maana yake Kuhubiri, iliyopigwa mwaka 1962 na Gene Ammons, Mmarekani mweusi wa Chicago.

Ammons alizaliwa mwaka 1925, akafa mwaka 1974. Baba yake, Albert, alikuwa mpiga piano mashuhuri. Yeye mwenyewe alipiga saksafoni ya tenori, yenye sauti nene, katika vilabu vya usiku. Tena alifungwa mara mbili kwa sababu ya dawa za kulevya. Kifungo cha pili kilianza mwaka uleule wa 1962, kikaisha mwaka 1969. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyezishika tenzi za kanisani, akisaidiwa na kinanda, besi na ngoma tu.

Tunalolisifu ni kiasi chake. Katika ule wimbo wa Yesu kuwa rafiki yetu, uliotungwa na Joseph Scriven mwaka 1855, na ule wa jioni wa kumsihi Bwana akae nasi, hakimbii huku na huku kuonyesha ustadi. Hufuata sauti ya wimbo polepole, kama mzee aongozaye mkutano, kisha hunyamaza. Ayajuaye maneno atayaimba moyoni.

Walakini upo upungufu, wala si mdogo. Asiyeyajua maneno hasikii habari za Kristo. Asikia utamu na huzuni tu. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, alitaja filimbi na kinubi kwa kuwafundisha neno hilihili, ya kwamba sauti isiyoeleweka haimjengi mtu. Basi santuri hii huwahubiri wale waliokwisha kuhubiriwa.

Je, tuikatae? La. Katika Usukuma jambo hili si geni. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement alizikaribisha ngoma za Kisukuma katika ibada tangu miaka ya 1950, ingawa ngoma hizo zilijulikana kwa mashindano ya Bagika na Bagalu. Ngozi ya ng'ombe haina dhambi, wala shaba ya saksafoni haina. Mchimbaji wa Geita halitupi jiwe kwa kuwa limetoka matopeni. Huliponda, huliosha, ndipo aijue dhahabu.

Lakini walimu wa kwaya na wajifunze kiasi kwa mpigaji huyu. Yeye hakuwa na maneno, naye aliutunza wimbo. Sisi tunayo maneno, nasi mara nyingi twayafunika kwa vinanda vya umeme na vipaza sauti, hata bibi aliyeketi nyuma asijue kilichoimbwa. Ala na iingie kanisani, ila neno lisitolewe nje.