SoftCard: kadi iliyohamisha sifuri, ikaiacha picha

Wapenzi wa kompyuta za zamani wakianza kuisifu SoftCard huwa hawamalizi. Na kweli, sifa inastahili. Mwaka 1980 Microsoft walitoa kadi hii yenye prosesa ya Z80. Unaichomeka ndani ya Apple II, na mashine iliyoundwa kwa prosesa ya 6502 inaanza kuendesha CP/M, mfumo uliokuwa na programu za kazi kama WordStar. Lakini kadi haikuja na memori yake. Z80 ilikula sahani moja na 6502, na mgogoro uko hapo.

CP/M inataka memori iliyoshikana kuanzia anwani 0000, na programu yako inaanzia 0100. (Anwani zote hapa ni za mfumo wa kumi na sita: baada ya 9 huja A hadi F.) Sasa, kwenye Apple II eneo hilo lina wenyewe. 6502 huweka huko ukurasa wake wa sifuri na steki, na skrini ya maandishi inaanza 0400. Halafu C000 hadi CFFF si memori kabisa, ni kibodi na nafasi za kadi. Shimo katikati ya barabara.

Jibu lao lilikuwa kugeuza anwani njiani. Z80 ikiita 0000, kadi inagonga 1000, na hivyo hivyo hadi AFFF. Kuanzia B000 inaruka shimo na kwenda D000. Shimo lenyewe Z80 inaliona E000, na eneo la chini la 6502 inaliona F000. Ukiwa na memori ya ziada ya kilobaiti 16, unapata kilobaiti 56 zilizonyooka. Hapo nawavulia kofia.

Ninachokataa ni kuambiwa kwamba tatizo liliisha. Picha iko wapi? Apple II huiweka 2000 hadi 3FFF. Toa 1000: kwa Z80 hapo ni 1000 hadi 2FFF, yaani kilobaiti 8 katikati ya sebule ya programu yako! Nilijifunza kwa taabu. Kwenye emyuleta niliandika programu ya kuchora duara, ikanenepa ikavuka 1000. Nikawasha skrini ya picha, nikaona nukta zimetapakaa ovyo. Kumbe nilikuwa naiangalia programu yenyewe. Nilipofuta skrini, ikafa. Usiku mzima nalaumu hesabu zangu za duara, wallahi. Microsoft walilijua hilo: waliweka BASIC mbili, MBASIC na GBASIC, na ya pili ndiyo ya picha.

Acorn wa Uingereza, kwenye BBC Micro, walikwenda njia nyingine. Prosesa ya pili ya Z80 ilikuwa na kilobaiti 64 zake, na iliongea na mashine kwa ujumbe tu, kupitia mlango ulioitwa Tube. Hakuna cha kutoa 1000. Ila ukitaka nukta kwenye skrini, unaomba, na lile lilikuwa boksi zima la pembeni, si kadi. Kwa kuandika barua ningechukua SoftCard bila kusita. Kwa kuchora, hapana.

Ukitaka kuionja, fungua CP/M kwenye emyuleta ya Apple II, skrini ya safu 40, halafu andika C1 kwenye anwani F400. Herufi A itatokea kona ya juu kushoto. Picha ziache kwanza.