Mizani Nane za Vita

Mwaka 630 jeshi la Mtume Muhammad lilifika Tabuk, likapiga kambi, kisha likarudi Madina bila kupambana na Warumi. Zaidi ya miaka elfu moja baadaye Bwana Mwengo wa Athumani, mtunzi wa Pate, akalipa jeshi lile vita ambavyo halikuvipata. Katika Utenzi wa Tambuka, ambao nakala yake kongwe inayojulikana ni ya 1728, mfalme Herekali wa Warumi anapelekewa barua, majeshi yanakusanywa, na Ali anashuka uwanjani. Jaafar, aliyeuawa Muta mwaka 629, ndiye damu inayodaiwa. Zaidi ya beti elfu moja zimejengwa juu ya deni hilo.

Kinachonivuta zaidi ni jinsi kazi hiyo ilivyofumwa. Ubeti wa utenzi una mishororo minne, kila mmoja mizani nane. Mitatu ya kwanza hukubaliana kwa kina chake. Wa nne hubeba kina kimoja kisichobadilika tangu mwanzo wa utenzi hadi mwisho. Mtunzi asiyejua kazi atachoka naye msikilizaji atachoka. Fundi hukitumia kina hicho kama mpagazi atumiavyo mwendo wake: hakiwazi tena, ndicho kinachomfikisha. Katika tenzi nyingi mshororo huo huishia kwenye kitenzi, mara nyingi cha kutendea, hivyo kila ubeti unafungwa kwa mtu kufanya jambo: kuendea, kupigania, kuangukia. Masimulizi hayapati nafasi ya kukaa chini.

Waskoti nao wana wimbo wa Otterburn, vita vya Agosti 1388 ambamo jemadari wao Douglas aliuawa huku upande wake ukishinda. Nao hukaa katika beti za mishororo minne. Lakini wimbo ule huruka kutoka tukio hadi tukio; utenzi haupendi kuruka. Unataka kila barua isomwe na kila farasi atandikwe. Subira hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo ubora wake mkubwa, ingawa wasomaji wa leo huitaja kama kasoro.

Ufundi huo haukubaki kwenye vita vya Uarabuni. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi kuitwaa Mrima, vile vya akina Abushiri, na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akatunga wa Maji Maji. Ukitoka Bagamoyo ukaifuata njia ya misafara hadi Unyanyembe, vita vya Wadachi unavikuta hapa kwetu pia, Januari 1893, askari wa afisa wao Tom von Prince walipoivamia ngome ya Mtemi Isike, naye akaliwasha ghala la baruti badala ya kujisalimisha.

Majina ya kwetu yanaingia kwenye mizani bila kulazimishwa. Nimejaribu:

Unyanyembe na Tabora
Itetemia, Kwihara
hupitia misafara
pwani ikielekea.

Hesabu mwenyewe: Unyanyembe ni mizani nne, Itetemia tano, Tabora na Kwihara tatu tatu, na hayo mawili ya mwisho yamezaliwa na kina kimoja. Isike ana mizani tatu, sawa na Mtemi Mirambo, kwa hiyo mahasimu hao wawili wa zama zile wanaweza kupokezana nafasi ndani ya mshororo bila mtunzi kuuvunja.

Anayetaka kuutunga utenzi wa Isike nisingemshauri aanze na mlipuko. Aanze na pembe za ndovu, na hongo ambayo Mtemi aliidai kwa kila aliyepita, kwa sababu ugomvi ulianzia kwenye mizigo kabla ya kufika kwenye bunduki. Awape wapagazi beti zao. Aiweke ngome imezungukwa na wavamizi, siku zipite, watu wa ndani waitazame baruti iliyolala gizani na hakuna anayeisema. Mwengo alijua kwamba vita vinatisha zaidi kabla ya upanga wa kwanza kutoka alani, na ndiyo maana alizitumia beti nyingi kiasi kile kwa barua na maandalizi. Ghala likishika moto, ubeti mmoja unatosha.