Heko Watembezaji wa Mashamba ya Viungo

Kutoka Mji Mkongwe wa Zanzibar hadi Kizimbani si mbali; ukiondoka asubuhi, alasiri umesharudi. Ila watembezaji wa mashamba ya viungo huijaza safari hiyo fupi elimu ambayo wengi wetu, tuliolelewa kwa pilau, hatukuwahi kuipata.

Huanza kwa kukupa jani: lifikiche, linuse, sema ni nini. Hawakuharakishi. Mdalasini ni gamba la mti, hilo twalijua, lakini wakichimbua mzizi wake hunukia kafuri. Kungumanga ikipasuliwa, ndani yake basibasi nyekundu imeikumbatia kokwa. Kwenye vanila ndipo ninapowapa heko zaidi. Ua lake huchanua siku moja tu, na kwa kuwa nyuki wa kwao Mexico hayupo huku, mkulima hulichavusha kwa kijiti, moja baada ya jingine. Mtembezaji hulieleza hilo polepole, akimtaja mkulima kwa heshima anayostahili.

Karafuu huchumwa kabla hazijachanua, zikaanikwa juani. Walio bora hawasiti kusema kwamba nyingi hutoka Pemba, wala kwamba enzi za masultani mashamba haya yalilimwa na watumwa. Ujasiri huo nauthamini kuliko kofia za makuti wanazowasukia wageni, ingawa nazo ni nzuri.

Kisha chakula: wali wa viungo na mchuzi wa nazi, mkekani. Ukishiba, nunua hiliki palepale kwa mkulima, na mtembezaji mpe chake mkononi.