Ukumbi wa Vioo wa Versailles

Mwenye tiketi ya pamoja ya majumba ya makumbusho ya Paris huingia katika jumba la kifalme la Versailles pasipo kulipa tena, maadamu ameagiza saa yake mapema. Lakini tiketi hiyo ni ya siku chache zilizohesabiwa, basi mgeni hukimbia chumba kwa chumba apate kuona mengi kwa fedha yake. Haraka haraka haina baraka.

Tuutazame Ukumbi wa Vioo. Urefu wake ni mita 73, na vioo vyake 357 vinaelekea madirisha ya bustani, hata nuru ya nje huzidi maradufu. Darini Charles Le Brun alichora matendo ya Mfalme Louis wa Kumi na Nne. Ustadi wake ni wa ajabu. Lakini ni sifa za mtu mmoja, wala si za waliobeba mawe.

Tena, habari za ukumbi huo si za Wafaransa peke yao. Humo, tarehe 28 Juni 1919, ulitiwa sahihi mkataba ulioivua Ujerumani makoloni yake, pamoja na nchi iliyoitwa baadaye Tanganyika. Wenyeji wa nchi hiyo hawakuulizwa neno.

Kwa hiyo, msomaji, jumba hili lastahili kusifiwa kwa kazi ya mafundi wake, na kuhojiwa kwa yaliyoamuliwa ndani yake. Afadhali mgeni aache majumba mawili mengine bila kuyaona, akae saa nzima katika ukumbi huu.