Ndege Moja, Wenyewe Kumi na Sita

Katika kiwanja cha Teterboro, New Jersey, wanakoshukia matajiri wenye shughuli zao New York, ndege nyingi zina namba za usajili zinazoishia na herufi QS. Ni za kampuni ya NetJets, na herufi hizo ni kifupisho cha Kiingereza cha robo hisa. Viti vya ngozi na mvinyo sina la kusema juu yake; mwenye fedha huvipata popote. Kinachonivuta ni hesabu iliyo nyuma ya hizo herufi mbili.

Kampuni ilianza mwaka 1964 huko Columbus, Ohio, kwa jina la Executive Jet Aviation, ikikodisha ndege za Learjet. Baadhi ya waanzilishi walitoka jeshi la anga, na miongoni mwa waliokuja kuiongoza ni Paul Tibbets, yule yule rubani wa ndege iliyodondosha bomu la atomiki Hiroshima. Mwaka 1984 ikanunuliwa na Richard Santulli, mwanahisabati wa Brooklyn aliyewahi kufanya kazi Goldman Sachs. Swali lake lilikuwa moja: watu kadhaa wakichanga wakanunua ndege, halafu wote wakaitaka Ijumaa jioni, nani ataachwa?

Jibu alilitafuta kwenye kumbukumbu za safari za kampuni: lini, kutoka wapi, kwenda wapi. Akaona kwamba ndege moja haiwezi kuwatosheleza wenyewe wake wote, lakini ndege nyingi zikiwekwa kapu moja, na kampuni ikiwa na chache za akiba, kila mmoja anaweza kuhakikishiwa nafasi. Mwaka 1986 akaanza kuuza robo robo. Baadaye hisa ndogo ikawa sehemu moja ya kumi na sita, yaani saa 50 za kuruka kwa mwaka. Mwenye hisa anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuipanda ndege iliyo kwenye hati yake. Alichonunua hasa ni ahadi: piga simu, na baada ya saa chache ndege itakuwepo.

Ahadi hiyo ndiyo mzigo wa wapangaji wa safari kule Columbus. Tuseme mteja yuko Aspen, Colorado, na anataka kuondoka alasiri kwenda New York. Ndege ya karibu iko Denver, lakini marubani wake wako kazini tangu alfajiri, na sheria ya Marekani haiwaruhusu wawili hao kuruka zaidi ya saa 10 katika saa 24. Kiwanja chenyewe kiko bondeni, kiasi cha mita 2,380 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na jua likiwaka ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kunyanyuka. Huenda ikabidi ipunguze mafuta na kutua njiani kuongeza. Milima huzilazimisha ndege kutua kwa upande mmoja na kuruka kuelekea kule kule zilikotokea. Halafu saa tano usiku kiwanja kinafungwa hadi saa moja asubuhi. Mpangaji anayaweka yote haya mezani pamoja na wataalamu wa hali ya hewa walioajiriwa na kampuni yenyewe, kisha anaamua: ndege ipi, marubani gani, na usiku ilale wapi.

Hapo kwenye kulala ndipo penye kazi. Dereva wa teksi aliyempeleka abiria mbali anaijua adha ya kurudi mtupu. Ndege ikirudi tupu, hasara ni ya maelfu ya dola. Ustadi ni kuipeleka leo mahali itakapotakiwa kesho na mtu ambaye bado hajapiga simu. Jumapili inayofuata Sikukuu ya Shukrani ya Marekani, mwezi Novemba, karibu kila mteja anataka kurudi nyumbani kwa wakati mmoja, ndiyo maana mikataba hutaja siku za msongamano ambazo mteja hutakiwa kutoa taarifa mapema zaidi.

Wanaosema ndege hizi ni anasa ya wachache inayochafua hewa ya wote hawajakosea. Hata mwekezaji Warren Buffett aliita ndege ya kampuni yake kwa utani Isiyoteteeka. Mwaka 1995 akawa mteja wa Santulli, na mwaka 1998 kampuni yake ikainunua NetJets kwa dola milioni 725. Ila ustadi ni ustadi, hata unapowatumikia wenye nazo.

Mwaka 2009, baada ya mtikisiko wa uchumi, NetJets ilipata hasara ya dola milioni 711, na Santulli akaondoka. Sehemu kubwa ya hasara hiyo ilitokana na ndege kushuka thamani na gharama za kuipunguza kampuni. Hesabu ya safari ya Santulli haikubomoka. Mwaka 2023 NetJets ilisaini na kiwanda cha Textron mkataba unaoipa nafasi ya kununua hadi ndege 1,500 za Cessna Citation katika miaka 15.