Kufunga si kinyume cha kufungua

Vitabu vya ufundi wa magari vina kauli moja inayojirudia mpaka msomaji huacha kuiona: kwamba kufunga kifaa ni kinyume cha kukifungua. Vitabu vya Haynes, vilivyoanza kutoka Uingereza mwaka 1966 kwa ajili ya watu wanaojitengenezea magari nyumbani, vinajulikana sana kwa kauli hiyo. Inastahili kusomwa kwa makini tunayoupa ubeti wa shairi, kwa kuwa hakuna sura inayoijaribu vikali kama ile ya kubadilisha gasketi ya silinda hedi. Na huku Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, sura hiyo husomwa kwa dhati, kitabuni au kwenye simu, gari likiwa limeegeshwa uani na gereji yenye mashine ikiwa Babati au Arusha.

Sura huanza kwa amri. Ondoa waya wa betri, mwaga maji ya rejeta, fungua mabomba. Dereva hayumo, barabara haimo. Utambuzi wa hitilafu umewekwa sura nyingine, kurasa nyingi mbali. Kwangu huu ni upungufu wa fani wenye madhara, maana gari lililounguza gasketi Mbulu lina kisa. Limetoka bonde la Ziwa Manyara, chini ya mita 1,000, likapanda mlima wa Magara na mzigo wa saruji hadi karibu mita 1,700. Kwenye mwinuko huo maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzijoto kama 94. Ndani ya injini ni mfuniko wa rejeta unaoyabana yasichemke mapema. Mpira wake ukichoka, au rejeta ikiziba kwa kutu, mlima unamaliza kazi. Fundi wa Katesh au Dongobesh huanzia hapo. Anauliza lilichemkia wapi, nani aliongeza maji ya baridi injini ikiwa ya moto, oili ilianza lini kugeuka rangi ya chai ya maziwa. Masimulizi yake yana chanzo, na bila chanzo gasketi mpya itaungulia kwenye kona ileile ya Magara.

Kitabu hupata nguvu kinapofika kwenye bolti. Chukua injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye magari mengi ya Probox. Silinda hedi yake inashikwa na bolti 10. Kulegeza huanza pembeni kuelekea katikati, kidogo kidogo, injini ikiwa imepoa; kukaza huanza katikati kuelekea pembeni. Hapa kauli yetu inatimia kwa uzuri wa kweli: njia ya kwenda ndiyo ya kurudi. Na mpangilio huo haukuwekwa kwa urembo. Alumini ikiachiwa upande mmoja hupinda, na gasketi ikibanwa kuanzia katikati hutandazika bila kukunjamana.

Lakini nguvu hairudi kama njia inavyorudi. Bolti hukazwa mara tatu: kwanza kwa nguvu ya nyutoni mita 29, kisha digrii 90, kisha digrii 90 tena. Angalia lugha inavyobadilika katikati ya sentensi, kutoka nguvu kwenda pembe. Msuguano wa meno ya bolti hudanganya spana ya kipimo. Pembe haidanganyiki kirahisi, kwa sababu robo duara ni robo duara, na bolti huvutika kadiri inavyozungushwa. Takriri ya 90 ndiyo inayobeba maana yote ya aya, na anayesoma haraka huiruka akidhani ni kosa la uchapaji.

Kati ya kufungua na kufunga kuna mstari mmoja mfupi, mara nyingi chini ya ukurasa: safisha nyuso, pima kama zimepinda. Kiwango cha juu kabisa cha kupinda kwa injini hii ni milimita 0.05, pungufu ya unene wa unywele. Zikipinda zaidi ya hapo, silinda hedi iende ikachongwe kwa mashine. Hakuna gundi ya dukani itakayokuokoa. Mstari huu hauna mwenzake upande wa pili. Hakuna tendo la kufungua linalolingana na kusafisha, na gasketi yenyewe ndicho kitu ambacho hakirudishwi kamwe. Kazi yote inasimama hapo, lakini kitabu kimetumia mistari ishirini kwa mabomba na mmoja kwa moyo wa jambo. Uani Hanang wakati wa kiangazi, upepo ukivuka mashamba ya ngano ya Basotu, chembe moja ya vumbi inaweza kuzidi kipimo hicho chote. Msomaji wa huku alihitaji kuambiwa afunike injini kwa turubai, asikwangue alumini kwa bisibisi, akaushe matundu ya bolti kabla ya kuingiza hata moja.

Kwa hiyo kauli ile ifutwe kwenye sura hii, ibaki kwenye sura za taa na milango. Walimu wa VETA, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, wanaofundisha ufundi wa magari Manyara wana uwezo wa kuandika mwongozo wa Kiswahili unaoanza na swali la fundi, lilichemkia wapi, na unaotoa ukurasa mzima kwa kusafisha na kupima. Tunawaomba wauandike, na wauweke kwenye simu za watu.