Tumbo na Shibe: Kusoma Mkusanyiko wa Hadithi Fupi

Tumesahihisha tena insha za wanafunzi kuhusu hadithi fupi, na tumekutana na jambo lile lile. Mwanafunzi anaandika kwamba maudhui ni ulafi, ufisadi na unyakuzi wa ardhi; tamathali ni tashbihi, istiari na takriri. Yote ni kweli. Lakini ukimaliza insha hiyo huwezi kujua kama aliyeiandika alicheka, alikereka, au hata kama aliisoma hadithi yenyewe. Wengi hawakuisoma. Walisoma mwongozo, vile vijitabu vyembamba vinavyotoka Kenya na kutolewa nakala Wandegeya.

Tuchukue Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, mkusanyiko uliohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda (Longhorn, 2016) na kutahiniwa katika shule za sekondari za Kenya kwa miaka kadhaa. Una hadithi 13. Ile inayobeba jina la kitabu ni ya Said A. Mohamed. Wakazi wa mtaa duni wa Madongoporomoka, akiwemo Mzee Mago, wanasikia kwamba wakubwa wanaitaka ardhi yao. Siku moja Jitu linaingia katika mkahawa wa Mzee Mago, linakula chakula chote cha wateja na kuahidi kurudi. Kisha yanakuja mabuldoza.

Mwongozo utakuambia Jitu ni ishara ya wanyakuzi, na hapo kazi imekwisha. Sisi tunaona hapo ndipo kazi inapoanza. Mbona mwandishi hana haraka? Analiacha Jitu lile mbele ya macho yetu, nasi tunacheka kwa ukubwa wa kioja hicho. Mabuldoza yanapofika, kile kicheko kinatusuta. Msomaji wa Kampala aliyeona nyumba za Nakawa na Naguru zikibomolewa mwaka 2011 atahisi jambo hilo kabla hajatafuta jina la tamathali.

Sasa isome pamoja na Shibe Inatumaliza ya Salma Omar Hamad, iliyomo katika kitabu hicho hicho. Sasa na Mbura, watumishi wa umma, wanajipakulia na kula katika sherehe ya Mzee Mambo, mtu anayeneemeka kwa mali ya umma. Miongozo huziweka hadithi hizi mbili chini ya kichwa kimoja, "ulafi". Lakini hebu tutazame sarufi ya majina yake, maana sisi ni watu wa lugha. Katika "Lisiloshiba" tumbo ni la nafsi ya tatu, la yule mwingine. Katika "Inatumaliza" kuna kiambishi -tu-: sisi. Mlaji wa kwanza anatoka nje na kutuvamia. Walaji wa pili ni majirani zetu wa ofisini, na wanajua wanachokifanya. Aliyesoma hadithi moja tu amepewa adui wa kumchukia. Aliyesoma zote mbili anajikuta ameketi mezani.

Ndivyo ilivyo pia kwa Shogake Dada Ana Ndevu ya Alifa Chokocho na Mame Bakari ya Mohammed Khelef Ghassany. Katika zote mbili binti anapata mimba. Safia, aliyeaminiwa na wazazi, anakufa katika jaribio la kuitoa. Sara, aliyebakwa, anaiogopa hasira ya baba yake ukurasa baada ya ukurasa, na mambo yanakuja kinyume na alivyohofia. Tofauti hiyo haiwezi kuingia katika orodha ya maudhui.

Si hadithi zote zenye uzito huo. Mapenzi ya Kifaurongo, ya Kenna Wasike, inatufikisha mwisho tulioutabiri mapema, ingawa wanafunzi wetu wanaipenda, pengine kwa kuwa Dennis na Penina ni wanachuo kama wao. Hatuwalaumu.

Ajabu ni kwamba vijana hawa hawa wakipewa Tropical Fish ya Doreen Baingana (2005), hadithi za Kiingereza kuhusu dada watatu wa Entebbe, huisoma tangu mwanzo hadi mwisho na kubishana ni dada yupi mwenye haki. Hawaulizi mwongozo uko wapi. Uwezo wa kusoma wanao, basi. Ni Kiswahili ndicho walichokizoea kama mtihani. Nao ndio watakaokifundisha: Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari.

Muhula ujao tutaanza kwa kusoma hadithi nzima kwa sauti darasani, kabla ya neno "maudhui" kutajwa. Swali la kwanza la insha litakuwa hili: ni hadithi ipi uliyoirudia mara ya pili, na ni ipi nyingine kitabuni iliyokufanya uirudie?